Serikali inaweza kweli kutupangia tuzae wangapi na tuishi wapi? Mimi nasema inajisifia tu

#1 Mchora Ramani (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kuna jambo linanikera tangu niliposoma jiografia ya watu. Vitabu vinagawa sera mafungu matatu: za kupunguza uzazi, za kuongeza uzazi na za kuhamisha watu. Ukimaliza sura hiyo unaondoka ukiamini serikali ndiyo iliyoshika usukani. Mimi nasema abiria wameshafika, dereva ndiyo kwanza anawasha gari.

Chukua China. Sera ya mtoto mmoja ilianza kati ya 1979 na 1980. Mwaka 1970 mwanamke wa huko alikuwa na wastani wa watoto karibu 6. Kufikia 1979 wastani ulikuwa chini ya 3. Yaani sehemu kubwa ya mteremko ilimalizika kabla sera yenyewe haijazaliwa. Wakaja kuilegeza, watoto wawili kuanzia 2016, watatu 2021, na watu hawakukimbilia wodi za uzazi. 2022 idadi ya watu ikaanza kupungua, 2023 India ikawapita.

Uhamiaji ndiyo usiseme. Wana mfumo wa hukou tangu 1958, kila mtu kasajiliwa kwao na huduma zake ziko huko. Sensa ya 2020 ikakuta watu zaidi ya milioni 370 wanaishi nje ya walikosajiliwa. Hiyo ni sera au ni karatasi?

Nipingeni.

#2 Kidole Juu

Siti ya mbele kabisa. Nyundo akiona huu uzi halali leo.

#3 Nyundo

Nimeuona.

Mleta uzi, umeruka ukurasa. Kati ya 1970 na 1979 China haikuwa imelala. Kulikuwa na kampeni ya kitaifa ya maneno matatu: chelewa, achanisha, punguza. Oa au olewa ukiwa mtu mzima, acha miaka kadhaa kati ya mtoto na mtoto, zaa wachache. Vijijini kulikuwa na wahudumu wa afya, vitanzi vilikuwa vinatolewa, na makada walijua nani kaolewa lini. Hiyo nayo ni sera. Kwa hiyo takwimu zako zinanisaidia mimi: kampeni ya miaka ya 70 ilishusha uzazi kuliko amri kali iliyofuata.

#4 Mchora Ramani

Nyundo, sawa, kampeni ilikuwepo. Sasa niambie, Thailand na Korea Kusini zilishuka vilevile miaka hiyohiyo bila kumtoza mtu faini wala kada kugonga mlango. Thailand ilitoka kwenye watoto zaidi ya 5 mwaka 1970 hadi karibu 2 ilipofika 1990. Ukiona nchi tatu zenye sera tofauti zinafika mahali pamoja, unaanza kujiuliza kama sera ndiyo iliyozifikisha.

#5 Nyundo

Thailand walikuwa na mwanaharakati Mechai Viravaidya akigawa kondomu kila kona mpaka watu wakaziita kwa jina lake. Programu ya uzazi wa mpango ilikuwa ya taifa zima. Unaita hiyo "bila sera"?

#6 Kapuku Mwenye Data

Nawapatanisha kidogo halafu nawachonganisha upya.

Serikali ya China imezoea kusema sera yake ilizuia vizazi milioni 400. Wanademografia wengi wameipinga hesabu hiyo, kwa sababu inajumlisha hata kule kushuka kwa miaka ya 70 na inachukulia kwamba watu wangeendelea kuzaa kama zamani hata kipato na elimu vikipanda.

Pia "mtoto mmoja" haikuwa mmoja kwa wote. Mikoa mingi iliruhusu familia ya kijijini kupata wa pili kama wa kwanza alikuwa wa kike, na makabila madogo yalikuwa na masharti yao. Ruhusa hiyo ya "wa kwanza wa kike" isome tena taratibu, uone serikali yenyewe ilikuwa inasema nini kuhusu mabinti.

Athari ambayo sera haiwezi kuikana ni uwiano wa jinsia. Kwa kawaida huzaliwa wavulana kama 105 kwa wasichana 100. Miaka ya 2000 China ilivuka 115. Upendeleo wa watoto wa kiume ulikuwepo zamani, na mashine za ultrasaundi zilishafika, lakini ukimwambia mtu ana nafasi moja tu, unajua atakachofanya.

#7 Mwalimu wa Kidato

Mleta uzi, hoja yako inakufa ukifika Romania. Huwa nawapa wanafunzi grafu yake bila jina la nchi na kuwauliza kumetokea nini. Wengi hujibu vita imeisha.

Oktoba 1966 serikali ya Ceaușescu, mtawala wa Romania, ilitoa Amri namba 770. Utoaji mimba ulikuwa halali na ndiyo njia iliyokuwa ikitumika zaidi kupanga uzazi, ukapigwa marufuku karibu wote. Waliosazwa ni wenye umri mkubwa, wenye watoto wengi tayari, na sababu chache za kiafya. Dawa za kuzuia mimba nazo hazikupatikana. Wastani wa watoto kwa mwanamke ukaruka kutoka kama 1.9 mwaka 1966 hadi 3.7 mwaka 1967. Mwaka mmoja! Wodi zilifurika, baadaye shule zikafurika, kisha soko la ajira. Kundi hilo limebeba jina la amri mpaka leo.

Sasa usiniambie serikali haina usukani.

#8 Mchora Ramani

Mwalimu, grafu yako umeikata wapi? Onyesha na upande wa kulia.

#9 Mwalimu wa Kidato

Nilijua utauliza. Upande wa kulia inashuka mwaka hadi mwaka, na mwanzoni mwa miaka ya 80 ilisharudi karibu na 2. Watu walitafuta njia za vichochoroni. Wanawake walikufa kwa mimba zilizotolewa kwa siri kiasi kwamba Romania ikawa na vifo vya uzazi vingi kuliko nchi zote za Ulaya, na vituo vya yatima vikajaa. Ceaușescu alipoanguka Desemba 1989, kufuta amri hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kabisa.

Lakini hilo halifuti 1967. Watoto wale walizaliwa.

#10 Jongoo

Mwaka huohuo wa 1966 kulikuwa na kituko kingine, Japani. Ulikuwa mwaka wa farasi wa moto, unaokuja kila baada ya miaka 60. Imani ya zamani inasema msichana aliyezaliwa mwaka huo atamletea mumewe mikosi. Vizazi vikashuka kutoka kama milioni 1.82 mwaka 1965 hadi milioni 1.36 mwaka 1966, halafu vikapanda hadi milioni 1.94 mwaka 1967. Hakuna waziri aliyesaini kitu.

#11 Kidole Juu

Kwa hiyo Romania amri ya rais, Japani kalenda ya nyota, na kalenda imetekelezwa kwa utii zaidi 😂

#12 Bi Sensa

Nimecheka ila mfano wa Jongoo una somo. Wajapani hawakuacha kuzaa, walisogeza tarehe. Hapo ndipo wengi humu mnapochanganya mambo mawili: watoto wangapi mtu anapata maishani, na watoto wangapi wanazaliwa mwaka huu. Kile kiwango mnachokitaja (3.7, 1.9 na kadhalika) ni picha ya mwaka mmoja, kinayumba watu wakiwahi au wakichelewa.

Sweden ni mfano mzuri zaidi. Miaka ya 80 waliweka utaratibu kwamba ukipata mtoto anayefuata ndani ya muda fulani, mwanzoni miezi 24 na baadaye 30, malipo yako ya likizo ya uzazi yanabaki kwenye kiwango cha mshahara wa awali hata kama ulipunguza saa za kazi. Wazazi wakaharakisha. Mwaka 1990 Sweden ilifika 2.1, wageni wakamiminika kujifunza siri. Mwisho wa miaka ya 90 ilikuwa 1.5. Wazazi waliokuwa na mpango wa kupata wawili walipata wawili haraka, kisha kukawa na ukame.

Kwa hiyo ukisikia waziri wa nchi yoyote anasema "sera yetu imepandisha uzazi", muulize: idadi au tarehe?

#13 Nyundo

Bi Sensa umetisha, na ninakubali kwa Sweden. Ila kwa Romania haitoshi. Mwanamke aliyenyimwa njia zote hakusogeza tarehe, aliongezewa mtoto.

#14 Mtoto wa Saba

Wote mnaongea kama vile uzazi unaamuliwa ofisini. Mama yangu alizaa saba, mimi nina wawili, na hakuna afisa aliyewahi kuniuliza chochote. Tofauti yetu ni kwamba yeye aliolewa akiwa binti mdogo na mimi nilibaki darasani mpaka chuo. Ukiondoa shule hapo, maisha yangu yangekuwa nakala ya yake.

Kerala wasichana walisoma mapema kuliko sehemu kubwa ya India, na uzazi ukashuka mapema bila kubanwa. Jiulizeni kwa nini.

#15 Kapuku Mwenye Data

Dada, Kerala ni kweli. Na pale India pana pande zote mbili za shilingi. Ndiyo nchi ya kwanza kuwa na programu ya taifa ya uzazi wa mpango, 1952. Halafu ikaja Hali ya Hatari ya 1975 hadi 1977, maafisa wakapewa malengo ya idadi ya watu wa kufungwa uzazi, na ndani ya mwaka mmoja tu zaidi ya watu milioni 6 walifanyiwa. Wengi wanaume, wengi maskini. Uchaguzi wa 1977 waziri mkuu Indira Gandhi akaanguka. Baada ya hapo kufunga uzazi kwa wanaume kukawa na jina baya, na mzigo ukahamia kwa wanawake mpaka leo. Nguvu ilirudisha programu nyuma miaka mingi.

Kichekesho ni kwamba 1974, kwenye mkutano wa UN wa idadi ya watu huko Bucharest, waziri wa India Karan Singh ndiye aliyesimama kusema maendeleo ndiyo dawa bora ya kuzuia mimba.

#16 Jongoo

Bucharest, mji mkuu wa Amri 770. Nani alichagua ukumbi?

#17 Mwalimu wa Kidato

Mtoto wa Saba, elimu ni kweli, lakini hujamtaja Iran ambaye anawavuruga wote. Miaka ya 80 mwanamke alikuwa na watoto zaidi ya 6. Vita na Iraki ikaisha 1988, mwaka uliofuata serikali ikageuka: dawa bure, mafunzo ya lazima kwa wachumba kabla ya ndoa, na nyumba za afya vijijini zenye mhudumu anayetoka kijiji hichohicho. Kufikia mwaka 2000 wastani ulikuwa kama 2. Mwendo huo ni wa kasi kuliko wa China, bila mtoto mmoja wala faini ya kila mzazi.

#18 Mchora Ramani

Mwalimu, na Iran nako uzazi ulianza kuteremka katikati ya miaka ya 80, kabla ya sera ya 1989. Abiria walishafika! Halafu miaka ya 2010 serikali ikageuka tena, ikataka watoto wengi, 2021 ikatunga sheria ya "kuipa nchi ujana". Mbona watu hawakugeuka nayo?

#19 Bi Sensa

Hapo ndipo ninapoona jibu liko mlemle kwenye mabishano yenu. Mtu anayetaka watoto wachache ukimpa njia, ataitumia hata kesho. Mtu asiyetaka mtoto wa tatu ukimpa posho, ataishukuru posho. Hungary mama wa watoto wanne halipi kodi ya mapato tangu 2020. Uzazi ulipanda kutoka kama 1.2 mwaka 2011 hadi 1.6 mwaka 2021, kisha ukarudi chini ya 1.4 mwaka 2024. Korea Kusini imemwaga fedha na ilikuwa 0.72 mwaka 2023.

#20 Nyundo

Ufaransa je? Sera za familia tangu 1939 na kwa miongo ilikuwa juu ya majirani zake. Huwezi kuita hiyo bahati.

#21 Baharia Mstaafu

Nimesoma yote, mmesahau nusu ya kichwa cha uzi. "Tuishi wapi" mmeiacha mlangoni.

Mimi nilifanya kazi nchi moja ya Ghuba. Pasipoti ilichukuliwa na kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, siku ya kwanza, kibali cha kukaa kina jina lake, ukiacha kazi umeacha na nchi. Mkataba ukiisha unapewa tiketi. Humo mtaani tulikuwa watu wa mataifa yote na raia wenyewe huwaoni. Qatar na Falme za Kiarabu karibu watu 9 kati ya 10 ni wageni, na ni wachache mno wanaopewa uraia. Mleta uzi njoo uniambie kule serikali haina usukani.

#22 Mchora Ramani

Baharia pole kwa yaliyokukuta. Nauliza tu: ulijuaje kwamba kule kuna kazi?

#23 Baharia Mstaafu

Binamu alitangulia. Naye alifuata shemeji yake. Wakala alikuja mwishoni kuchukua hela.

#24 Mchora Ramani

Asante. Sina swali lingine, mheshimiwa hakimu.

#25 Kidole Juu

😂😂 Baharia kajifunga mwenyewe.

#26 Baharia Mstaafu

Sijajifunga popote. Binamu alinionyesha mlango, lakini aliyeamua nikae muda gani alikuwa kafili na sheria iliyo nyuma yake. Vyote viwili vina kazi.

#27 Mwalimu wa Kidato

Haya yalishaandikwa zamani. Mwanajiografia Ravenstein alichambua sensa za Uingereza na mwaka 1885 akatoa kanuni zake: wengi huhama umbali mfupi, husogea hatua kwa hatua kuelekea miji mikubwa, na kila mkondo wa kwenda una mkondo wa kurudi. Msomi mwingine wa uhamiaji, Everett Lee, 1966 akaja na msukumo wa unakotoka, mvuto wa unakokwenda, na vikwazo vya katikati. Sera ni kimoja tu kati ya vikwazo vya katikati.

#28 Kapuku Mwenye Data

1966 tena! Mwaka huo ulikuwa na nini?

#29 Jongoo

Farasi wa moto, si nimewaambia.

#30 Sauti ya Mlimani

Kwa kuongezea, kanuni za Ravenstein zinasema wanaume ndio wahamaji na wanawake hubaki nyumbani. Na siku hizi maskini wa dunia wote wako njiani kwenda nchi tajiri, ndiyo maana sera zinakaza.

#31 Bi Sensa

Hapana, hapana, na hapana.

Ravenstein alisema wanawake huhama zaidi ya wanaume kwa umbali mfupi. Wanaume walizidi kwenye safari za mbali.

Wanaoishi nje ya nchi walikozaliwa ni kama milioni 304 kwa makadirio ya UN ya 2024. Kati ya watu bilioni 8 hiyo haifiki asilimia 4. Wengi zaidi huhama ndani ya nchi zao. Milioni 370 za China alizotaja mleta uzi ni nyingi kuliko wahamiaji wote wa kimataifa duniani.

Na fukara kabisa hasafiri mbali, hana nauli. Nchi ikianza kupata maendeleo wanaoondoka huongezeka kwanza, kwa sababu sasa wana fedha, vyeti na habari. Mexico na Uturuki zilipita humo. Kwa hiyo wanaotoa misaada "ili watu wabaki kwao" wanaweza kupata kinyume chake kwa miaka mingi.

#32 Sauti ya Mlimani

Bibie mbona kama unanichapa fimbo 😅 Milioni 304 bado ni watu, si punje za mchanga.

#33 Nyundo

Kwenye uhamiaji mimi niko na mleta uzi, msishangae.

Ujerumani Magharibi iliingia mkataba na Uturuki Oktoba 1961. Mpango ulikuwa mtu aje, afanye kazi miaka miwili, arudi, aje mwingine. Waajiri wakachoka kufundisha wapya kila mara, na 1964 kikomo hicho kikaondolewa. Mgogoro wa mafuta 1973, serikali ikasimamisha kuajiri wageni. Ilitegemea wataondoka. Mturuki akapiga hesabu: nikitoka sirudi tena. Akabaki, akamwita mke na watoto.

Uingereza hivyohivyo. Sheria ya 1962 ya kubana watu wa Jumuiya ya Madola ilipoanza kunukia, watu wakakimbilia kuingia kabla mlango haujafungwa. Suriname kabla ya uhuru wa 1975, maelfu kwa maelfu walikwenda Uholanzi wakiwa bado na haki ya kuingia. Mpaka wa Marekani na Mexico ulipokazwa tangu miaka ya 80, mwanasosholojia Douglas Massey na wenzake walionyesha kwamba waliokuwa wakija kwa msimu na kurudi waliacha kurudi, maana kuvuka tena kumekuwa ghali na hatari.

Tangazo la kufunga ndilo linalojaza nyumba.

#34 Nesi wa Zamu

Mimi ni miongoni mwa hao wa vyeti. Sikusukumwa na njaa, nilisomeshwa kwa kodi za watu wa kwetu halafu nikaenda kutunza wazee wa watu wengine. Wodi nzima ya usiku tulikuwa wageni watupu, wenyeji ni wagonjwa na daktari mmoja. Kila siku kwenye televisheni wanasiasa wao wanaahidi kupunguza wahamiaji, na barua ya kuniongezea mkataba inafika kabla ule wa zamani haujaisha. Sera ya uhamiaji ipi? Ile ya kwenye televisheni au ile ya idara ya rasilimali watu?

#35 Mtoto wa Saba

Nesi umemaliza maneno. Na ona ilivyojifunga: wasiozaa wanaita wanaozaa waje kuwauguza.

#36 Kapuku Mwenye Data

Ila wageni hawawezi kuziba pengo lote. Mwaka 2000 kitengo cha idadi ya watu cha UN kilipiga hesabu: ili kulinda uwiano wa wenye umri wa kufanya kazi kwa wazee kama ulivyokuwa 1995, Korea Kusini ingehitaji wahamiaji bilioni 5.1 kufikia 2050. Bilioni. Wastani wa milioni 94 kwa mwaka.

#37 Kidole Juu

Yaani dunia nzima ya leo tuhamie Korea, wabaki bilioni 3 wa kufunga milango na kuzima taa.

#38 Mwalimu wa Kidato

Kapuku, hesabu ile ilikuwa ya kuonyesha kwamba haiwezekani. Usije ukainukuu kama pendekezo, kuna watu humu watakimbia nayo.

#39 Sauti ya Mlimani

Mimi bado naona dunia imejaa kupita kiasi, Malthus alisema 1798 kwamba watu huongezeka kuliko chakula.

#40 Jongoo

Na mwanabiolojia Paul Ehrlich akarudia. 1980 akaweka dau na mchumi Julian Simon juu ya bei za madini matano: shaba, kromiamu, nikeli, bati na tangsteni. Watu wakizidi, madini yataadimika, bei itapanda. 1990 watu walikuwa wameongezeka kwa mamia ya milioni na bei zimeshuka. Ehrlich akatuma hundi ya dola 576.07.

#41 Sauti ya Mlimani

Wangechagua miaka kumi mingine Simon angelipa. Dau la bei za madini halithibitishi chochote kuhusu maji, misitu wala hewa.

#42 Bi Sensa

Hapo Sauti kasema kweli, mpeni maua yake.

#43 Mchora Ramani

Asanteni wote. Nimesoma na msimamo wangu uko palepale, isipokuwa Romania ya Mwalimu na Ghuba ya Baharia, ambazo naziweka pembeni kwa sababu kote mbili kuna mtu aliyekalia mlango na ufunguo mfukoni. Nyundo, bado unanidai jibu la Ufaransa?

#44 Nyundo

Nakudai. Na usije na habari za tarehe, Bi Sensa kashazimaliza.